Mtoto wa darasa la nne: anachofundishwa shuleni na namna ya kumsaidia nyumbani

Mtoto aliyezoea kuleta daftari lenye tiki tupu akiwa darasa la pili anaweza kufika darasa la nne akaanza kuleta 18 kati ya 50, na mzazi asielewe kimeharibika nini. Mara nyingi hakuna kilichoharibika juzi wala jana. Darasa la kwanza na la pili shule inamfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK. Kuanzia la tatu, na zaidi la nne, anatakiwa kusoma ili ajue mambo mengine: swali la Sayansi analisoma mwenyewe, fumbo la Hisabati analisoma mwenyewe, maelekezo ya Jiografia vilevile. Aliyefika hapo akisoma kwa kusuasua hupwaya masomo yote kwa pamoja, na mzazi anayekimbilia twisheni ya Hisabati anakuwa amebisha mlango usio wake.

Maelezo haya yanafuata shule za msingi za Tanzania Bara.

Masomo yenyewe

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, la tatu likiwemo. Kwa hiyo darasa la nne la 2025 ndilo la kwanza kusoma kwa mtaala huo. Masomo ni Kiswahili, English, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na Sanaa na Michezo. Lipo pia somo la Dini, na lugha za kuchagua, Kiarabu, Kifaransa na Kichina, zinazofundishwa pale shule inapokuwa na mwalimu.

Kuna mambo mawili hapo ambayo wazazi wengi hawajayashika. La kwanza, watoto wa mtaala huu wanamaliza shule ya msingi darasa la sita, si la saba. Baada ya la nne imebaki miaka miwili tu, na ile kauli ya "atajirekebisha mbele ya safari" haina tena nafasi iliyokuwa nayo. La pili, vitabu vya mitihani iliyopita vinavyouzwa mitaani bado vimejaa Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Sayansi na Teknolojia. Hayo ni masomo ya mtaala wa zamani. Maswali ya Kiswahili, English na Hisabati bado yanafaa kwa mazoezi. Hayo mengine, mtoto atakariri mada ambazo hakufundishwa, na alizofundishwa asizikute.

Usinunue kitabu cha kiada kabla ya kuangalia jalada. Kitafute chenye nembo ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kinachotaja darasa la nne la mtaala wa sasa. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuvisoma bure kwenye Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo.

Mpime kusoma kwanza

Kabla ya kitu kingine chochote, fanya kipimo hiki. Kinachukua dakika kumi.

Chukua kitabu cha Kiswahili au cha Sayansi, fungua ukurasa ambao hajawahi kuusoma. Mwambie asome kwa sauti, wewe ukiangalia saa. Dakika moja ikiisha, weka alama kwa penseli alipofika, kisha mwache amalize aya. Hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Halafu funika kitabu umuulize maswali matatu: moja la jambo lililotajwa waziwazi, moja la sababu, na moja ambalo jibu halikuandikwa ila linaweza kutambuliwa. Kama aya inasema Juma alirudi nyumbani nguo zikiwa zimelowa chapachapa, muulize hali ya hewa ilikuwaje.

Anayesoma chini ya maneno 50 kwa dakika bado anapambana na silabi. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka kichwani. Huyu hahitaji mitihani ya majaribio. Anahitaji kusoma kwa sauti dakika 15 kila siku, hadithi fupi na nyepesi, hata za darasa la pili. Usimwonee aibu kwa kumrudisha kitabu cha chini. Aya moja isomwe mara tatu: mara ya kwanza anatambaa, mara ya tatu anatiririka, na hiyo tofauti ataisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Anayesoma haraka lakini akashindwa maswali ana tatizo jingine. Amezoea kusoma kama anaimba. Huyo msimamishe kila baada ya sentensi mbili akueleze kwa maneno yake kilichotokea. Mzazi asiyejua kusoma naye anaiweza kazi hii vizuri tu, kwa sababu haihitaji kuona kitabu, inahitaji kusikiliza na kuuliza.

Kama anasogeza kitabu karibu na pua, au anafinya macho, au anakosea anaponakili ubaoni huku akinakili kitabuni hakosei, mpeleke akapimwe macho. Wakati huohuo mwombe mwalimu amkalishe mbele. Kuna watoto wanaitwa wazito kumbe hawaoni ubao.

Kiswahili: imla ndiyo inayotafuna alama

Kwenye Kiswahili mtoto anasoma ufahamu, sarufi, methali, nahau na vitendawili, na anaandika insha fupi na barua. Zoezi moja linalojitokeza sana ni kupanga sentensi zilizovurugwa kwa herufi A, B, C na D ili zilete mtiririko. Mfundishe atafute kwanza sentensi inayotaja mhusika kwa jina. Sentensi inayoanza na "Baada ya hapo" au "Yeye" haiwezi kuwa ya kwanza.

Imla ndiyo inayowashangaza wazazi, maana mtoto anazungumza Kiswahili siku nzima. Makosa yanajirudia na karibu yote ni ya aina tatu. Sauti mbili zinachanganywa: r na l, dh na z, th na s, gh na g. "Thamani" inakuwa "samani", na hapo maana nzima imehama. Herufi h inaongezwa au kudondoshwa: "hasante", "apana". Kisha maneno yanakatwakatwa: "ana soma", "nili mwambia", "hawa jafika". Hili la mwisho ndilo baya zaidi, na ujumbe wa simu unalizidisha.

Imla ya nyumbani iwe na sentensi tano tu, mara mbili kwa wiki. Mfano:

Ng'ombe wamekunywa maji ya mtaroni.
Dhahabu ni ghali kuliko shaba.
Thamani ya shamba lile haijulikani.
Nilimwambia afunge mlango wa ghala.
Hatutakwenda sokoni kesho alasiri.

Soma sentensi nzima mara moja, mtoto asikilize tu bila kushika kalamu. Irudie kwa vipande vya maneno mawili matatu, aandike. Kisha isome nzima tena ili ahakiki. Usivute maneno kwa kuyakatakata silabi, "ni-li-mwa-mbia", kwa sababu unamfundisha kuyatenganisha. Akikosea neno, aliandike sahihi ndani ya sentensi mpya aliyoitunga. Kuliandika mara ishirini peke yake ni kuchosha mkono tu.

Barua ya kirafiki akumbuke sehemu zake: anwani ya mwandishi juu kulia pamoja na tarehe, salamu ya mwanzo, kiini, kisha mwisho wenye salamu na jina. Watoto wengi husahau tarehe.

Hisabati: angalia kosa, si alama

Darasa la nne wanaingia kwenye namba za tarakimu tano, matendo manne kwa namba hizo, sehemu, fedha, saa, vipimo vya urefu, uzito na ujazo, maumbo, mzingo, na takwimu kwa picha. Alama nyekundu haikuambii kitu. Jibu lenyewe lililokosewa ndilo linalosema amekwama wapi.

Mpe hili: 40,002 − 17,586. Jibu ni 22,416. Akikuletea 37,584, ujue hafanyi kutoa. Kila safu anachukua tarakimu ndogo anaitoa kwenye kubwa, 6 toa 2, 8 toa 0, bila kujali ipi iko juu. Akikwama kabisa, sifuri zimemziba njia. Mweleze hivi: mamoja 2 hayatoshi kutoa 6, jirani wa makumi hana kitu, wa mamia hana, wa maelfu hana, tunakwenda hadi makumi elfu. Pale 4 inakuwa 3. Maelfu yanapata 10 na kutoa moja, yanabaki 9. Mamia vivyo hivyo 9, makumi 9, na mamoja sasa ni 12. Ndipo anatoa: 6, 1, 4, 2, 2. Mwambie ajumlishe 22,416 na 17,586 aone kama 40,002 inarudi. Mtoto anayehakiki hivi anajikosoa mwenyewe kabla ya mwalimu.

Kwenye kugawanya, jaribu 3,618 ÷ 6. Anayeleta 63 amedondosha sifuri: 36 kwa 6 ni 6, kisha 1 haigawanyiki akairuka bila kuandika 0 pale juu. Jibu ni 603. Hapa pia kuzidisha kunamuumbua, maana 63 × 6 ni 378 tu.

Kusoma na kuandika namba kwa maneno kuna mtego wa peke yake. Mtu akisema "elfu ishirini na tatu", sokoni kila mmoja anajua ni 23,000. Mtoto aliyeambiwa aandike kwa tarakimu anaweza kuweka 20,003, na ukimsikiliza vizuri hana kosa kubwa kwa masikio. Mchoree safu tano zenye vichwa vya makumi elfu, maelfu, mamia, makumi na mamoja, apange kila namba humo kabla ya kuiandika. Namna ya kuiandika kwa maneno afuate ile mwalimu aliyoiweka kwenye daftari, usimletee ya zamani yako.

Sehemu: 3/8 + 2/8. Jibu la 5/16 ndilo kosa maarufu kuliko yote, amejumlisha namba za juu (kiasi) na za chini (asili) pia. Kunja karatasi mara tatu upate vipande 8 vilivyo sawa, apake rangi vitatu, kisha viwili. Ahesabu vilivyopakwa. Karatasi haikugeuka kuwa na vipande 16, kwa hiyo asili inabaki 8.

Saa: safari imeanza saa 1:55 ikaisha saa 3:40, imechukua muda gani? Anayejibu 1:85 ametoa kama anatoa namba za kawaida, 340 toa 155. Saa moja ina dakika 60, kwa hiyo akikopa saa anaongeza 60 kwenye dakika: 100 toa 55 ni 45. Jibu ni saa 1 na dakika 45.

Jedwali la kuzidisha lazima alijue bila kuhesabu vidole. Asipolijua, kugawanya na sehemu vyote vinakuwa mateso. Usimkaririshe kutoka la 2 hadi la 12 kwa mpangilio, kwa sababu atajua 7 × 8 kwa kuanza tu 7 × 1. Anza na la 2, la 5 na la 10, kisha la 3 na la 4, kisha la 9. Mwonyeshe kwamba 4 × 7 na 7 × 4 ni kitu kimoja. Ukifika hapo, hadi jedwali la 10 yamebaki sita tu: 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8 na 8 × 8. Hayo sita yaandike kwenye vipande vya karatasi, jibu nyuma, umvamie nayo akiwa anaosha vyombo au mkiwa njiani.

Mafumbo yanahitaji muda zaidi. Chukua hili: Mama alinunua kilo 3 za mchele kwa shilingi 2,800 kila kilo, na lita 1 ya mafuta kwa shilingi 6,500. Alitoa noti mbili za shilingi 10,000. Alirudishiwa kiasi gani? Mtoto anayekimbilia namba atajumlisha 2,800 na 6,500 apate 9,300, halafu aseme chenji ni 10,700. Ameliruka neno "kila". Na kama gharama ni 9,300, noti ya pili mama aliitolea nini? Mzoeze hatua nne: asome fumbo mara mbili, apigie mstari kinachoulizwa, aseme kwa mdomo atafanya nini kwanza, ndipo ashike kalamu. Mchele ni 8,400, jumla 14,900, chenji 5,100. Mtume dukani mara kwa mara na hesabu za aina hii, ila akueleze chenji itakuwa ngapi kabla hajatoka, si akirudi.

English

Kwenye shule zinazofundisha kwa Kiswahili, English ni somo moja kati ya mengine, na wazazi wengi hujitoa kwa kuwa wao wenyewe hawaijui. Kuna mambo unayoweza kuyasimamia hata hivyo. Mtoto hukosea "he" na "she" kwa sababu nyumbani wote ni "yeye". Mwoneshe picha au mtaje ndugu, yeye achague. Husoma "make" na "name" kwa sauti za Kiswahili. Hapo sikiliza matamshi kwenye simu pamoja naye, maneno matano kwa siku yatosha. Vitenzi vinavyobadilika umbo katika wakati uliopita, "go" na "went", "eat" na "ate", "buy" na "bought", aviandike kwa jozi ukutani.

Saa inawachanganya wengi. Saa mbili asubuhi kwa English ni "eight o'clock". Tofauti ni saa sita, na njia rahisi ni kuutazama mshale mfupi wa saa ya ukutani: unapoelekea namba 8, Kiswahili tunataja namba iliyo upande wa pili, 2. Mtoto akiishika hii, swali la saa la English linakuwa la bure.

Sayansi, Jiografia na Historia

Haya yanakaririwa sana na kueleweka kidogo. Sayansi inagusa mwili, usafi na magonjwa, mimea na wanyama, nishati, na majaribio madogo. Yafanyike kweli. Weka maharage manne kwenye pamba yenye maji na mengine manne kwenye pamba kavu, aandike anachokiona kila siku kwa wiki moja, achore kwa penseli na kutaja sehemu. Ramani aanze na ya kwenu: nyumba, njia, kisima, shule, na mshale wa kaskazini. Asubuhi akilielekea jua linapochomoza, kushoto kwake ndiko takriban kaskazini. Historia na Maadili ina mambo ya familia, ukoo na jamii ambayo babu na bibi wanayajua kuliko kitabu. Mwache awaulize na kuandika.

Ratiba na mwalimu

Dakika 40 jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, zinatosha: 15 za kusoma kwa sauti, 15 za Hisabati, 10 za kazi ya shule iliyobaki au imla. Ziwe kabla ya chakula cha usiku. Baada ya kula, mtoto wa miaka tisa au kumi ameshachoka, na mtakachoishia nacho ni kelele. Kama umeme au taa ni shida, hamishia alasiri au alfajiri.

Fungua madaftari kila Ijumaa. Usiishie kwenye tiki. Tazama kama tarehe zimeruka siku tano (utoro, au daftari jingine limefichwa), kama masahihisho yameandikwa, na kama mwandiko wa kazi ya nyumbani ni wake.

Ukienda shuleni, swali la "maendeleo yake yakoje?" litajibiwa "anajitahidi". Uliza vitu vinavyoshikika: anasoma peke yake au anafuata wenzake? Jedwali la ngapi hajalijua? Anakaa dawati la mstari wa ngapi? Mada gani mmemaliza na ipi inafuata? Nenda Februari au Machi. Septemba mwalimu anakusikiliza lakini hana tena muda wa kurudi nyuma.

Upimaji wa kitaifa

Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne huandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na kwa kawaida hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, Oktoba au Novemba. Kila somo lina alama 50: A ni 41 hadi 50, B 31 hadi 40, C 21 hadi 30, D 11 hadi 20, na E ni 10 kushuka chini. Kwenye tovuti ya baraza kuna fomati za upimaji na taarifa za uchambuzi wa majibu, zinazoonyesha swali lipi watoto walilikosa na kwa nini. Taarifa hizo zina manufaa kuliko kitabu kizima cha maswali, na ni bure.

Karatasi za mazoezi zianze Julai, moja kwa wiki. Mpe muda, akae kimya mezani, kisha msahihishe pamoja siku ileile. Karatasi tano zilizosahihishwa zinamsaidia kuliko thelathini zilizojazwa tu. Mzoeze kuandika kwa kalamu ya wino na kuchora kwa penseli, kuonyesha njia ya hesabu ndani ya nafasi iliyotolewa, na kuruka swali linalomshinda akalirudia baadaye. Wapo wanaokaa kwenye swali la nne hadi karatasi zinakusanywa.

Wiki ya upimaji usifundishe mada mpya. Hakikisha ana kalamu mbili, penseli iliyochongwa, kifutio na rula, kwamba anaijua namba yake ya upimaji na anaiandika bila kukosea, na kwamba amekunywa uji kabla ya kutoka. Matokeo yakija, angalia daraja la kila somo badala ya wastani: mwenye B ya Kiswahili na D ya Hisabati atumie likizo ya Desemba kwenye jedwali na kutoa kwa kukopa, mwenye D karibu kote arudishwe kwenye kile kipimo cha dakika moja cha kusoma kabla shule hazijafunguliwa Januari.